Kitambaa cha Bure

Tochi ndogo ya buluu hukaa droo ya juu,
pamoja na risiti, bisibisi na peremende za kikohozi.
Mteja akisitasita, Bi Wanjugu hunikonyeza.
Naitoa. Naimulika kupitia lenzi ya kawaida
na kadi nyeupe inashika doa la buluu.
Kisha naimulika kupitia lenzi yetu ya bei.
Doa linatoweka.
Mteja anasema, "Kumbe!"
na hiyo kumbe ni shilingi elfu tatu na mia tano.

Limetoweka kweli. Sijamdanganya mtu.
Ila hakuna anayeuliza swali la pili:
doa lile lilikuwa limemkosea nani?

Nilisomea macho miaka minne.
Najua mwanga wa kompyuta ni kibatari tu
mbele ya anga ya Nairobi, adhuhuri ya Januari,
anga inayomwaga buluu yake yote Mtaa wa Biashara,
juu ya wachuuzi wa soksi, juu ya kanjo wanaowafukuza,
na hakuna aliyewahi kupanda ngazi zetu
kuomba akingwe na anga.
Najua mtu akikodolea kazi macho husahau kupepesa,
na jicho hukauka kama ugali uliolala,
na ukavu huo hauna rangi.
Najua, na bado naitoa tochi.
Kodi ya Umoja hailipwi kwa "pengine."

Obonyo alikuja mwezi wa tatu,
macho mekundu kama ya mpishi wa kuni.
Usiku kucha, huko Kahawa West, huandika kwa taipu
maneno ya madaktari wa nchi ambako ni mchana:
figo za watu asiowajua, nyonga, vikohozi.
Akauliza, "Dada, niambie ukweli. Inasaidia?"
Bi Wanjugu alikuwa ameenda benki.

Nikamwambia.
Waliopima wamepima, na uchovu wa macho
haukujali lenzi gani imevaliwa.
Usingizi je? Hapo ushahidi unachechemea,
leo mguu huu, kesho ule.
Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesomewa hukumu.
"Sawa. Nipe moja."
"Lakini nimekwambia..."
"Nimesikia. Nasimiyu amesema nisirudi nyumbani bila miwani.
Ushahidi wako hautanifungulia mlango."

Mwezi wa nane akarudi. Skrubu imelegea,
miwani imekaa upande kama kofia ya mlevi.
Macho yake, nikaona, meupe. Karibu meupe.
"Imenisaidia," akasema, bila majivuno.
Nikashusha bisibisi. "Imekusaidiaje?"

"Chai. Kila nikinywa, mvuke unaiziba.
Basi naivua, natoa kile kitambaa chenu,
nafuta. Siwezi kusoma nikifuta, si ndiyo?
Kwa hiyo natazama nje.
Kuna mnara una taa nyekundu, mbali, upande wa Thika.
Kuna paka wa mlinzi, hutembea juu ya ukuta wa vigae vya chupa
na hajawahi kujikata.
Namtazama mpaka ashuke.
Nikirudi, maneno yamekaa sawa."

Kitambaa.
Tunavinunua kwa katoni, vya kijivu, vya kukatakata,
nampa hata aliyekuja kuuliza njia ya choo.

Nilikaza skrubu, sikumtoza kitu.
Nilitaka kumwambia, nikakosa pa kuanzia:
angeweza kufuta kikombe. Angeweza kufuta chochote.
Au pengine hangeweza. Nani huacha kazi
afute kitu ambacho hakukilipia?

Jioni akapanda msichana mwenye begi la chuo,
akipikicha macho kwa ngumi kama mtoto.
Bi Wanjugu akakonyeza.
Nikafungua droo. Mkono ukagusa tochi,
baridi, betri zake zimeanza kufa.
"Kabla sijakuonyesha," nikasema,
"chumbani kwako kuna dirisha?"